Mkaja wa Lasinem

Watu wa kijijini kwetu Kedungsono husema Lasinem ni mkali. Waache waseme. Mimi ni wifi yake tangu nilipoolewa na kaka yake. Nimekula naye, nimepanda naye mpunga, nimezika naye mume wangu na mume wake. Naandika haya ili anayesema Lasinem ni mkali ajue ukali huo ulitoka wapi. Haukushuka mbinguni. Ulitengenezwa, na walioutengeneza nawajua kwa majina na kwa nyumba.

Siku yenyewe ilikuwa ya mazoezi. Kinu chetu ni kirefu, gogo la mfenesi lililochimbwa kama hori la ng'ombe, na kimewekwa katika kibanda mbele ya nyumba ya Tukiran. Zamani tulitwangia mpunga. Mashine ilipokuja mpunga ukahamia mashineni, kinu kikabaki cha ngoma. Wanawake sita, michi sita, tunapiga ukingo na tumbo la kinu kikiwa kitupu, huku tunaimba. Mama zetu walikipiga mwezi ulipopatwa, wakisema umeliwa. Sisi tunakipiga baada ya mavuno, siku ya kusafisha kijiji, sherehe yetu ya shukrani, na watu wa wilaya huja kutazama. Mchi wa kwanza ndio unaofungua. Huo usipoanza, mitano mingine haina la kusema. Ulikuwa wa mama yake Lasinem, yeye akaurithi akiwa bado kijana, na tangu hapo hakuna aliyefungua ngoma kijijini kwetu isipokuwa yeye.

Basi siku hiyo tulikuwa katikati ya wimbo. Lasinem kainua mchi, kaushusha, na kila akiushusha sarong yake inaloa zaidi kwa nyuma. Niliona. Wote waliona. Tukiran alikuwa amekaa kwenye benchi na kahawa yake. Huyu ndiye mwenyekiti wa kikundi. Mimi nilimbeba mgongoni akiwa mchanga, mama yake alipokuwa mgonjwa, kwa hiyo sioni haja ya kumtajia cheo.

"Mbah Nem," akasema, kwa sababu ndivyo tunavyoitwa wanawake tulioshaitwa bibi, "kaa pembeni kwanza."

"Pembeni wapi?"

"Pembeni tu, Mbah. Wageni wa mwaka huu ni wakubwa, watakaa karibu kabisa. Watasikia harufu."

Aliyasema hayo mbele ya watu, kwa ile sauti laini ya mtu anayejiona ana adabu. Kisha akageuka. "Sutarmi, wewe shika mchi wa kwanza."

Sutarmi ndiye mdogo kuliko sote kinuni, mwanawe wa mwisho ndiyo kwanza anaanza shule. Akamtazama Lasinem, akatazama chini. Lasinem alichukua ncha ya shela yake akafuta mpini wa mchi, pale mikono yake ilipokuwa, akauegemeza kwenye kinu, akaenda zake. Alipopita mlangoni mtu mmoja akacheka puani. Nilimjua ni nani na mpaka leo sijala chakula chake.

Nikamfuata nyumbani. Nikamkuta jikoni anaufungua mkaja.

Niuseme mkaja, maana hapo ndipo tulipokosea sote, vizazi na vizazi. Kwetu mwanamke akijifungua hufungwa mkaja, kitambaa kigumu kirefu cha kutosha kuzunguka kiuno mpaka uchoke kuhesabu. Mkunga wa zamani alikukanyaga kwa mguu huku anauvuta. Ukimaliza arobaini, unaendelea nao. Ndio unaoshikilia sarong, ndio unaonyoosha mgongo, na mwanamke mtu mzima asiye na mkaja ni kama ametoka na nguo ya kulalia. Lasinem alizaa watoto watano. Kila mara aliinuka kitandani na mkaja wake na kwenda kuinama shambani, mtoto mgongoni, kikapu kichwani. Mkojo ulianza kumvuja zamani. Lakini sisi tulikuwa wapandaji wa mpunga, tulisimama kwenye maji kutwa. Shambani nani atajua umelowa na nini? Tulipoacha kupanda ndipo ilipoonekana.

Na ulipoonekana alifanya nini? Aliukaza mkaja. Akivuja kidogo, anaongeza kukaza. Akivuja zaidi, anaongeza tena, mpaka kula akawa anakula kama ndege. Aliamini anaziba. Mimi niliamini. Mimi mwenyewe niliuvuta kwa mikono yangu, goti langu kwenye kiuno chake.

Siku hiyo jikoni alama ya mkaja ilikuwa imemzunguka tumboni, nyekundu, kama ametoka kufungwa kamba.

"Wifi," akasema, "mchi nitaushika siku ya kusafisha kijiji. Sijui kwa njia gani. Nisipoushika siku hiyo, sitaushika tena, watu watakuwa wameshazoea."

"Utaushika."

"Usinibembeleze. Mimi si mtoto."

"Unajikojolea kama mtoto."

Akanitupia mkaja wote usoni. Ndivyo tunavyopendana.

Sasa nieleze hasira yangu, maana si ya Tukiran peke yake. Lasinem alikuwa ametafuta dawa. Alianza kwa mama anayepita na chupa za mitishamba mgongoni. Yule mama ana chupa ya majani ya tambuu ya kumfanya mwanamke abane, ana unga wa kumfanya abane, ana hata kijiti cha kumfanya abane, na vyote ni vya kumfurahisha mume. Lasinem akamwambia, mume wangu kafa, mimi nataka kubana mkojo. Yule mama akacheka, akasema hiyo sina. Dawa za starehe ya mwanamume zinajaza kapu, na ya mwanamke kukaa mkavu haipo hata kijiko. Halafu Lasinem akaenda kituo kimoja cha afya, mhudumu hata hakuinua macho. "Ni umri, Mbah. Vaa nepi." Mwanawe aliye mjini Semarang akasema kwa simu, kapasuliwe yaishe, kama anazungumzia jipu. Lasinem akaogopa kisu, akakata simu. Akaacha kunywa chai. Akaacha kwenda msikitini, maana udhu ulikuwa haukai, na mara ya mwisho alipokwenda wanawake waliacha nafasi kulia kwake na kushoto kwake. Msikitini. Hao waliotawadha.

Siku ya kupima wazee ilipofika, pale kwenye ukumbi wa kijiji, nilimburuta. Alidhani tunakwenda kupima presha. Tulipofika mezani kulikuwa na mkunga mpya, mwanamke wa makamo, mfupi, Nastiti jina lake, anakunywa chai ya barafu kwenye mfuko wa plastiki. Akauliza, wazee wangu, kuna tatizo gani?

Nikasema, "Mimi navuja mkojo nikikohoa. Huyu wifi yangu anavuja akiinua kitu. Tunataka dawa."

Niliyasema kwa sauti ya kawaida, lakini ukumbi una mwangwi. Wazee wanaume waliokuwa kwenye mizani waligeuka wote.

"Ginah," Lasinem akasema polepole, "nikifika nyumbani nitakuua."

"Niue ukiwa mkavu."

Mkunga hakucheka. Alituingiza nyuma ya pazia, mmoja mmoja, akavaa glavu, akampima Lasinem vizuri, akamwambia akohoe, akamwambia abane. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa pazia nikisikia kila neno.

"Unasukuma, Mbah."

"Nabana."

"Unadhani unabana. Unazuia pumzi na unasukuma chini. Na huu mkaja umeufunga tangu lini?"

"Tangu mtoto wa kwanza."

"Ufungue."

"Nivae nini? Nitembee kama mwehu?"

Hapo wakagombana kweli. Lasinem alisema mama yake alifunga, bibi yake alifunga, na yeye hakuja kufundishwa kuvaa na mtu aliyezaliwa juzi. Mkunga naye hakuinua sauti. Alitoka nje ya pazia, akachukua mfuko wake wa chai, akautoboa kidogo chini kwa pini. Chai ikadondoka tone, tone.

"Hiki kitundu ndiyo wewe," akasema. Kisha akaukamata mfuko katikati kwa mkono, akaukaza. Chai ikaruka chini kama mtoto wa kiume amesimama ukutani. Ikamlowesha viatu.

Lasinem akautazama mfuko, kisha mkaja wake.

"Miaka yote," akasema.

"Miaka yote ulikuwa unaukamua," mkunga akasema. "Kinachoziba si mkaja, ni nyama za chini, zile zinazokibeba kibofu kama chandarua. Zimelegea kwa uzazi na mizigo, na wewe ukaziongezea mzigo kutoka juu."

Lasinem akauliza kuhusu kisu. Mkunga akasema kupasuliwa kupo, na wapo wanaohitaji, ila si mlango wa kwanza kugongwa. Wengine kizazi chao kimeshuka, hao huwapa pete laini ya mpira inayowekwa ndani kushikilia. Kizazi cha Lasinem hakijashuka kiasi hicho. Kwake ni kuzifundisha zile nyama, kila siku, na asitegemee kitu mpaka mvua ziishe.

"Nazifundishaje nyama nisizoziona?"

"Mbah, uko msikitini, umesujudu. Upepo unataka kutoka, na nyuma yako yuko mke wa imamu. Unafanyaje?"

"Naubana."

"Haya, ubane hivyo hivyo, halafu vuta na upande wa mbele, kwenda juu. Matako yalale. Tumbo lilale. Pumua."

"Nikipumua unatoka."

"Ndiyo maana tunafundishana."

Na maji akamwambia anywe. Alikuwa anajikausha, mkojo umekuwa mzito unachoma, kibofu hakitulii. Na asikimbilie choo kila anapokumbuka, angoje kidogo, kidogo kuliko jana. Tulirudi nyumbani. Kufika mlangoni Lasinem akasema, "Nilikuambia nitakuua. Nimeahirisha."

Msidhani kwamba mambo yalinyooka kuanzia hapo. Kwanza mkaja. Aliufungua asubuhi, akasimama jikoni ameshika sarong kwa mikono miwili, akaona aibu hata mbele ya kuku. Ikabidi nimshonee kamba ya kitambaa ya kufunga chini ya kebaya, blauzi yetu, isiyobana. Mgongo ukamuuma. Kijijini wakasema Mbah Nem sasa anatembea ovyo. Pili, kuvuta. Kila akivuta uso wake ulikuwa mwekundu na mabega yamepanda masikioni. Nikamwambia unavuta na masikio. Mvua ikanyesha, tukavuta. Hakuna kitu. Mpunga ukatoa masuke, tukavuta. Bado sarong mbili kila siku kwenye kamba.

Akaacha. Alikaa kwenye mkeka akasema amechoka na kazi isiyoonekana, na kwamba kila jioni anasikia kinu kwa Tukiran kinapigwa vibaya na mtoto wa watu asiyejua kufungua.

"Anachelewa," akasema. "Msikie. Anainua, anangoja, ndipo anashusha. Pale juu hakuna kungoja."

Akachukua mchi wa jikoni, ule mdogo wa kutwangia pilipili, akaanza kupiga ubao wa kukatia mboga. Akaonyesha. Anainua, anashusha. Kisha akasimamisha mkono, mchi uko juu. Uso wake ukabadilika.

"Ginah. Hapa juu mimi hushika pumzi."

"Kila mtu hushika."

"Hapa juu nashika pumzi, nafunga tumbo, nashusha. Ndiyo chai ya yule mkunga."

Akaanza tena, safari hii anaimba. Mtu akiimba hawezi kushika pumzi. Mchi ukipanda, sauti inatoka, na chini anavuta. Mstari mrefu wa wimbo, anashikilia mpaka mwisho wake. Kituo, anaachia chote, maana mkunga alisema kuachia nako ni kazi. Haikuwa tena kazi isiyoonekana. Ilikuwa ngoma, na ngoma Lasinem hajawahi kushindwa. Tangu siku hiyo alifanya mazoezi kwa wimbo, akiwa amekaa, akiwa amesimama, akichota maji, na mimi namfuata. Mkunga alipompima tena akasema, sasa unavuta, nani amekufundisha? Lasinem akasema, mama yangu.

Mpunga ulikuwa umeanza kuwa wa manjano alipokuwa anakaanga pilipili, moshi ukampanda puani, akapiga chafya kubwa ya kuangusha sufuria. Akasimama vile vile, mwiko mkononi, anangoja.

"Ginah, nimepiga chafya."

"Nimesikia."

"Nimepiga chafya," akarudia.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alikaa chini kando ya jiko, akakasirika kuliko siku aliyofukuzwa. Alisema, hiki tu? Kuvuta na kuachia? Hakina hata bei. Mama yake alikufa akinuka, wamemtenga chumba cha nyuma, na dawa ilikuwa kiunoni mwake mwenyewe na hakuna mtu mmoja aliyefungua mdomo kumwambia. Tulizaa mbele ya wakunga, tukapimwa na wauguzi, tukahubiriwa, tukapewa mikutano ya mbolea na mikutano ya kuku. Hili hakuna. Nikawasha jiko upya maana lilikuwa limezimika.

Siku chache kabla ya sherehe Sutarmi akaja, amefunika kichwa, kapita nyuma ya nyumba. Akasimama mlangoni.

"Mbah Nem, samahani. Ule mchi wa kwanza, ukiinuliwa juu... mimi nami nalowa."

Lasinem hakuinua kichwa kwenye mboga zake. "Umechukua mchi, nduk, binti yangu. Chukua na mkojo wake."

Sutarmi akaanza kulia. Akasema si yeye peke yake. Yule wa mchi wa tatu naye huvaa vitambaa. Wa tano huja mazoezini bila kunywa maji tangu asubuhi. Hata yule aliyecheka puani. Nikahesabu kimoyomoyo. Wanawake sita kwenye kinu kimoja, sita tunavuja, mmoja ndiye aliyefukuzwa.

Lasinem akaweka kisu chini. Alimwacha Sutarmi asimame kitambo, ajue uchungu wake. Kisha akasema, "Fungua huo mkaja. Kaa hapo. Vuta nikiimba, achia nikinyamaza. Na ukishika pumzi nitakupiga na mwiko."

Siku ya kusafisha kijiji kuku walishachemshwa wazima, wali umesimamishwa kama mlima, wageni wa wilaya wamekaa viti vya mbele. Tukiran amevaa kilemba kipya. Akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba ngoma itafunguliwa na Bibi Sutarmi. Sutarmi akaenda akasimama nafasi ya pili. Nafasi ya kwanza ikawa wazi, na mchi umeegemea.

Lasinem akatoka katikati ya watu. Alikuwa ameufunga mkaja wake siku hiyo, nami nilishangaa, nikadhani ameogopa mwishoni. Alifika kwenye kinu, akasimama mbele ya Tukiran, akaingiza mkono chini ya kebaya, akaanza kuufungua. Mbele ya wageni. Alizunguka polepole, mkaja unatoka, mrefu hauishi, watu wameacha kutafuna. Sarong haikudondoka, kamba yangu ilikuwa ndani. Alipomaliza akauweka wote mikononi mwa Tukiran.

"Nishikie, mwanangu," akasema.

Tukiran alisema kwa chini, "Mbah, una uhakika? Wageni..."

"Wako karibu, naona. Watasikia."

Akashika mchi. Akafuta mpini kwa ncha ya shela, kama alivyoufuta siku ile. Akainua, sauti ikatoka, mchi ukashuka bila kungoja, na sisi watano tukaingia. Tulipiga nyimbo zote, hata ile ndefu ya kuulilia mwezi. Nilikuwa kando yake, nilimtazama nyuma kuliko nilivyotazama mchi wangu. Katika wimbo wa mwisho vumbi lilimwingia kooni akakohoa katikati ya mpigo, na baadaye aliniambia lilitoka tone, tone moja, akalijua, akavuta, akaendelea. Hakuna aliyeona. Walichokiona watu ni mwenyekiti wao wa kilemba, amesimama mwanzo mpaka mwisho amekumbatia mkaja wa mwanamke, hana pa kuuweka.

Asubuhi yake aliuleta. Ulikuwa umefuliwa na kupigwa pasi, na aliyeupiga pasi alikuwa nyuma yake, mkewe Murtini, mikono ameikunja tumboni, hatutazami usoni. Tulikuwa jikoni na mabaki ya wali.

"Mbah Nem," Tukiran akasema, "mke wangu ana jambo anataka kuuliza. La kike."

Lasinem akampokea mkaja, akautupa juu ya kuni. Akamtazama Murtini, akasogea kwenye mkeka akampa nafasi.

"Ingia," akamwambia.

Tukiran naye akainua mguu kuvuka kizingiti.

"Wewe," Lasinem akasema, "kaa pembeni kwanza."